Antigone wa Lima Machoni pa Msomaji wa Tamthilia

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, umekuwa uhakiki wa kitabu. Mwanafunzi hupewa Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), huyapita maelekezo ya jukwaani kwa haraka kama mtu arukaye dimbwi, kisha hutua kwenye mazungumzo. Huko ndiko ziliko dhamira, na dhamira ndizo ziulizwazo katika mtihani. Kwamba mchezo ule wa Shetani na Binadamu ulikusudiwa kuchezwa na miili miwili yenye jasho, mbele ya watu wenye haki ya kuguna na kucheka, ni jambo linalokubaliwa na wote na kusahauliwa na wote.

Mhadhiri mmoja wa somo hili, aliyefundisha kwa miaka mingi pasipo kuiona kwa macho yake hata nusu ya michezo aliyoifundisha, alilitambua pengo hilo kwa njia isiyo ya kitaaluma sana. Alikuwa akitafuta makala juu ya Augusto Boal, yule Mbrazili mwasisi wa tamthilia ya wanaodhulumiwa, na badala ya makala akakuta kanda za video. Hifadhi aliyoiangukia ni ya Taasisi ya Hemispheric, iliyoasisiwa na Diana Taylor katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1998. Taasisi hiyo imeweka kwenye intaneti, bila malipo, maonyesho mengi ya kijaribio na ya kisiasa kutoka mabara ya Amerika. Hifadhi za aina hiyo si moja. UbuWeb, iliyoanzishwa na mshairi Kenneth Goldsmith mwaka 1996, imekusanya filamu na sauti za sanaa ya majaribio, nyingi bila hata kubisha hodi kwa wenyewe. Mkutubi atalishtukia jambo hilo. Msomaji wa Nairobi, ambaye kanda hizo asingeweza kuzinunua kamwe, ana sababu ya kutoshtuka sana.

Kanda iliyomshika ni ya Antígona, mchezo wa kundi la Yuyachkani la Lima, nchini Peru. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1971, na jina lake ni la Kikechua: ninafikiri, ninakumbuka. Beti za mchezo ziliandikwa na mshairi José Watanabe, akiifuata kwa mbali tanzia ya Sophocles, na mwaka 2000 Teresa Ralli akaupeleka jukwaani peke yake. Yeye ndiye Antigone anayetaka kumzika kaka yake, yeye ndiye Creon anayekataza maziko, yeye ndiye mlinzi anayetetemeka. Nyenzo zake kuu ni kiti na vazi lisilo na makuu.

Mhadhiri huyo hajui Kihispania. Hilo lingemvunja moyo mbele ya kitabu, ila mbele ya kanda lilimfaa. Alipokosa mazungumzo ya kushikilia, hakuwa na budi kutazama: jinsi bega linavyoinuka Creon anapoingia ndani ya mwili wa mwanamke, jinsi kiti kile kile kinavyokuwa enzi, kisha pango, jinsi ukimya unavyorefushwa hadi mtazamaji aanze kujishuku. Baadaye ndipo alipolisoma lile ambalo mwenye lugha angelisikia mwishoni: kwamba msimulizi wa kisa chote ni Ismene, dada aliyeogopa, aliyenusurika, na ambaye sasa anajaribu kutimiza kwa kuchelewa ibada ambayo hakumsaidia dada yake kuitimiza.

Nchini Peru kisa hicho hakikuwa cha Wayunani. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2003, ilikadiria kuwa watu 69,280 waliuawa au kutoweshwa katika vita vya miaka 1980 hadi 2000. Yapata watatu katika kila wanne walikuwa wasemaji wa Kikechua au lugha nyingine za wenyeji. Katika kuuandaa mchezo, Ralli aliwaita wanawake waliopotezewa jamaa zao, akaongea nao, akawatazama namna wanavyoketi. Waliobaki wakiwa hai bila kaburi la kuzuru walikuwa wengi, na Ismene aliwahusu zaidi ya Antigone.

Kanda nyingine ya kundi hilo, Rosa Cuchillo ya Ana Correa, inamchukua mtazamaji hadi sokoni. Mwanamke aliyepakwa weupe kutoka kichwani hadi miguuni anapanda kwenye jukwaa dogo lenye ukubwa wa meza ya muuzaji na kucheza mama aliyekufa ambaye bado anamtafuta mwanawe. Mwaka 2002 mchezo huu uliifuata Tume ilipokwenda kusikiliza ushahidi katika eneo la Ayacucho. Hapa macho ya mhadhiri yaliachana na mwigizaji yakahamia kwa hadhira, watu waliokwenda sokoni kwa shughuli zao na ambao hakuna aliyewauzia tikiti.

Ni kweli kwamba kanda si mchezo. Kamera huchagua uso na kuacha mkono, na usiku mmoja kati ya mia hugeuka kuwa usiku wa pekee. Diana Taylor mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alitenga kile kinachohifadhiwa makabatini na kile kinachohifadhiwa miilini mwa watendaji. Wanafunzi wa fasihi simulizi hawahitaji kuhubiriwa hilo. Wamelijua tangu siku ya kwanza walipompelekea fanani kinasasauti wakarudi na sauti bila moshi wa jikoni. Lakini waliposhindwa kuuleta moshi hawakuitupa sauti.

Nchini Kenya hali ni ngumu zaidi. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilinyang'anywa kibali mwaka 1977 baada ya kuchezwa kwa wiki chache tu huko Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1980 matini yake ya Kikuyu ilichapishwa na kuuzwa madukani. Mwaka 1982 serikali ikaubomoa ukumbi uliojengwa na wanakijiji. Yaani, kitabu kiliachwa na jukwaa likavunjwa. Watawala wa wakati huo walikuwa na nadharia ya tamthilia iliyo sahihi kuliko ya wahakiki wengi. Mchezo ulirudi katika Ukumbi wa Taifa mwaka 2022, lakini hadhira ya mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakiwasahihisha waandishi kwenye mazoezi, mwanafunzi huipata zaidi katika insha za Ngũgĩ. Mwanafunzi huyo huyo anaweza kuziona nyuso za watu wa sokoni huko Peru leo jioni, iwapo bando la simu litamtosha.

Mwezi wa Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliletwa jukwaani kuigiza Echoes of War, mchezo ulioandikwa na Cleophas Malala, baada ya mahakama kuamuru wasizuiwe. Mwandishi alikuwa ametiwa mbaroni, polisi walikuwa wamerusha mabomu ya machozi nje, na ukumbi haukuwa na hadhira. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Picha za kuondoka kwao zilisambaa nchi nzima. Mhadhiri aliwaonyesha wanafunzi wake wa uzamili picha hizo, akawataka waandike kurasa mbili; wengi wakaandika juu ya dhamira za mchezo ambao haukuchezwa. Hawakufanya kosa lolote kwa mujibu wa mafunzo waliyopewa, na yeye ndiye aliyewapa.

Tangu hapo amelifungua kabati la idara yake. Mna kanda za VHS za michezo ya wanafunzi wa miaka ya 1990, baadhi bila majina, baadhi zimeota ukungu, na mashine ya kuzichezea ilikufa zamani. Fundi wa mjini anayeweza kuzihamisha hutoza kwa kila kanda, na ameshauri zisisubiri masika mengine.