Jina Lililogeuka

Ubao wa kwanza niliouchonga uliniaibisha mbele ya watoto wa mtaa. Wiki tatu nilikaa barazani kwetu Likoni nikiukata, picha ya feri iliyojaa watu, na chini kabisa nikachonga jina langu kwa herufi kubwa zenye madoido. Nikapaka rangi, nikalaza karatasi, nikasugua, nikainua. Feri ilitoka sawasawa. Jina nalo lilitoka, ila limeanzia kulia, kila herufi imenipa kisogo. Mtoto mmoja aliyekuwa akirudi kutoka madrasa akalitazama kwa makini, akauliza, "Mjomba, hiki Kiarabu cha wapi?"

Aibu ilizidi kwa kuwa riziki yangu ni kuandika. Majina ya maduka, bei za chipsi, maonyo ya "usikojoe hapa", yote haya mtaani kwetu ni mkono wangu. Na kanuni niliijua: kinachochongwa ubaoni hugeuka kikifika karatasini. Feri haikunisuta kwa sababu feri ya Likoni haina mbele wala nyuma. Ina mlango huku na mlango kule, ukiigeuza ni ileile. Katika picha nzima, kilichoharibika ni kile kimoja nilichokiweka kwa ajili yangu mwenyewe.

Kazi hii ya kuchonga na kuchapa niliiingia kupitia feri. Katika rundo la vitabu vya mitumba nilikuta kitabu cha picha za Hiroshige, yule Mjapani aliyechora vituo 53 vya barabara ya Tokaido, kutoka Edo, ambayo leo ni Tokyo, hadi Kyoto. Picha hizo zilitoka kati ya mwaka 1833 na 1834. Moja yao ni ya kivuko cha Kawasaki: mashua imebeba wasafiri, mwendeshaji ameegemea pondo, na ng'ambo wengine wanangoja zamu pamoja na farasi na mizigo. Nikawatazama wale wanaongoja, jinsi walivyosimama, subira na uchovu katika mabega yaleyale. Nikasema, watu hawa nawajua. Nimesimama nao jua likiwa utosini, mikokoteni ya machungwa ikitusukuma visigino.

Wajapani huita kazi hiyo mokuhanga. Haina mashine. Rangi ni ya maji, huchanganywa na gundi ya mchele na kupakwa ubaoni kwa brashi. Karatasi hulowanishwa kidogo na kulazwa juu, kisha mgongo wake husuguliwa kwa kifaa cha duara kiitwacho baren. Ndani ya baren mna kamba iliyosokotwa na kuzungushwa kama koa aliyejikunja, na juu yake ganda la mwanzi. Kila rangi ina ubao wake.

Mianzi ya namna ile sikuipata, na baren ya kuagiza bei yake ilinifanya nicheke. Mama ndiye aliyetatua. Nilipomwonyesha picha ya kile kifaa alisema, "Hii si kata, mwanangu?" Kata, ile ngata ambayo wanawake huviringisha na kuweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Akasokota ugwe wa miyaa, akauzungusha na kuushona, nasi tukaufunika kwa ganda la mgomba lililokauka. Ilifanya kazi. Nikaelewa kwa nini nilikuwa nikitoboa karatasi nilipotumia kijiko: kijiko hukandamiza mahali pamoja. Kata haimpunguzii mama uzito wa ndoo hata kidogo. Huutandaza tu, kichwa kizima kikaubeba, na shingo ikapona. Tangu siku hiyo, mambo yanaponilemea, najiuliza kama kweli mzigo ni mkubwa au nimeuweka wote kwenye ncha ya kijiko.

Hata saa ilibidi niitafsiri. Vitabu husema karatasi ilale na unyevu usiku kucha. Hapa kwetu, wakati wa masika, ikilala siku mbili tatu huota kuvu. Na kaskazi inapovuma, saa sita mchana, rangi hukauka ubaoni kabla sijainua karatasi. Sasa huchapa baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Ufundi wa ugenini haukatai kuhamia kwako, lakini hukutaka uujulishe hali ya hewa.

Ubao wenyewe ulinipeleka Changamwe. Wajapani hutumia mcheri wa mwituni, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Mimi nilianza na mwembe, na kila mstari mwembamba ulimeguka. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba tangu 1963. Ni watu ambao sanaa yao, kama inavyosimuliwa, ilitoka kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mzee mmoja alinikaribisha kwenye banda lake. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kipande cha mti kati ya nyayo zake, na tezo ikishuka kuelekea kwake mwenyewe bila wasiwasi. Akaniangalia nikikata, kisha akasema, "Kijana, mti huu ulikua ukielekea huko. Wewe unampapasa paka kutoka mkiani."

Akanipa kipande cha muhugu kilichobaki kwenye kazi yake, mti mzito wenye harufu tamu, ambao umekatwa mno katika misitu ya pwani hata siku hizi wachongaji wengi wamehamia mwarobaini. Akanifundisha kuugeuza ubao badala ya kugeuza hasira. Nikifika mahali nyuzi zinapobadili njia, nazunguka upande wa pili na kukutana na mkato wangu mwenyewe ukija.

Kuna kosa ambalo halina dawa hata Changamwe: kukata kilichopaswa kubaki. Mganda Fred Mutebi amejulikana kwa kuchapa rangi nyingi kwa ubao mmoja: anachonga kidogo, anachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha anachonga tena juu ya ubao uleule na kuchapa rangi inayofuata. Kila hatua inakula ile iliyotangulia. Ni lazima aamue mwanzoni atachapa nakala ngapi, maana akimaliza hana pa kurudi. Nairobi, Dennis Muraguri ametumia mbao kuchapa matatu na vurugu zake zote. Nikiwatazama hawa najua sikosi wenzangu. Najua pia kwamba wao walishaacha kuogopa mkato, na mimi bado mkono hutetemeka.

Kinachonituliza ni alama mbili. Kwenye kila ubao Mjapani huchonga kento: moja kama kona ya nyumba, nyingine mstari mfupi kando yake. Karatasi huegemezwa hapo kila mara. Mbao zinaweza kuwa tano au kumi, rangi zikabadilika, lakini alama hizo zisipohama, picha haipotezi umbo. Nimezitafuta za kwangu, nikaona ni alfajiri, na chai ya asubuhi pamoja na mama. Siku ninapozikosa zote mbili, rangi za siku hiyo huangukia nje ya mistari.

Lakini lile jina bado lilinikera. Nikaanza kuchunguza wenzetu wa Edo waliandika jina la nani. Kazi ile ilikuwa ya watu wanne: mchoraji, mchongaji, mchapaji na mchapishaji aliyetoa mtaji. Ile picha ya wimbi kubwa ya mchoraji Hokusai, ya mnamo 1831, ina jina la Hokusai juu kushoto. Aliyekata mbao, aliyechonga zile kucha za povu moja moja, hakuandikwa. Hata ile buluu inayosifiwa kuwa ya Kijapani ilibuniwa Berlin. Baadaye wasanii walichoka na mgawanyo huo. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alichora, akachonga na kuchapa mwenyewe picha ya mvuvi, na wengi wakamfuata. Nilimpenda kwa hilo. Mimi pia nilitaka kuwa mtu wa kila kitu. Ila nilipotazama barazani kwangu, kata ni ya mama, ubao ni wa mzee wa Changamwe, na jina ni langu peke yangu.

Jibu lilikuwa limeanikwa kambani. Mama alikuwa akianua leso zake, nami nikaitazama moja kama ndiyo kwanza naiona. Leso ina pindo, ina mji katikati, na ina jina. Na jina la leso si la aliyeichora! Ni neno analopewa anayevaa, na kila anayempita njiani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla, lililoanza hapa Mombasa 1887, ndilo linalotajwa sana kwa kuanza kutia maneno kwenye leso. Kabla ya viwanda, nguo hizi zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vipande vya mbao vilivyochongwa, na neno chapa lenyewe tulilipokea kutoka Bara Hindi. Tena katika miaka ya ukoloni leso nyingi zilizovaliwa pwani hii zilitoka viwanda vya Japani. Nilidhani nimeleta Likoni kitu kigeni. Kumbe bibi yangu huenda alijifunga chapa ya Mjapani akivuka kivuko hiki, na hakuona ajabu yoyote.

Nikachonga feri upya, kwenye muhugu. Nimezungusha pindo pembeni, watu nimewaweka mjini, na mahali pa jina nikamwomba mama anipe neno. Akafikiri akimenya vitunguu, akasema, "Kivuko hakina mwenyewe." Nikaliandika kinyume, herufi kwa herufi, nikitumia kioo. Nyuma ya kila karatasi, kwa penseli, nimeandika watu watatu: aliyetoa ubao, aliyeshona kata, aliyechapa.

Asubuhi nilipoinua nakala ya kwanza, neno lilisomeka vizuri, isipokuwa N moja, ile ya "hakina", iliyotoka imegeuka. Nikashika kichwa. Mama akaichukua karatasi, akaisoma polepole mpaka mwisho.

"Iache," akasema. "Leso za dukani pia huja na makosa, na watu hujifunga wakaenda harusini."