Mwanahawa, Pesa Hiyo Usiitume

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu Mwanahawa,

Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na ukimzuia mnagombana. Mdogo wako kapata kazi bandarini. Mengine utayasikia kwao.

Mimi ninakuandikia kwa neno moja. Juzi baada ya Isha mama yako alinijia akasema umeshinda. Nikafurahi, nikamuuliza umeshinda wapi, akanionyesha kwenye simu ule ujumbe uliotumiwa: shairi lako limeingia fainali ya tuzo ya washairi wa dunia, na ili lichapishwe katika diwani yao, nawe upate ngao yenye jina lako, utume shilingi 380,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Akaongeza kwamba umeshaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba chenu. Furaha ikanitoka palepale.

Mwanangu, mshindi halipi. Mshindi hulipwa.

Niliusoma ujumbe ule taratibu, kama nilivyozoea kuyasoma mashairi ya watu. Wamekumwagia sifa: kipaji adimu, sauti ya kizazi kipya, hisia nzito. Neno lako hata moja hawakulitaja. Shairi lako ni la wachuuzi wanawake wanaosubiri boti pale Deep Sea alfajiri. Aliyelisoma angetaja boti, angetaja ndoo na baridi ya asubuhi, angekuuliza kwa nini kina cha kati kimegeuka ubeti wa tatu. Sifa walizokupa unaweza kuzibandika kwenye shairi lolote la mtu yeyote. Tena mama yako anasema yule mwalimu mwenzio, aliyetunga shairi lake la kwanza mwaka huu, naye kaambiwa kaingia fainali. Sasa nani kaachwa nje?

Hukumdiriki Fundi, rafiki yangu wa barabara ya 12. Alikuwa fundi cherehani, mashine mbili barazani, moja yake na moja ya kijana aliyemfundisha kazi. Shairi alilijua. Alilijua kuliko mimi, na hilo silisemi kwa wengi. Alipofiwa na mama yake alitunga tarbia iliyotuliza baraza zima. Tulimwomba airudie, akairudia, hakuna aliyetia neno. Gazeti lilikuwa likimchapisha, na jina lake lilijulikana mpaka Pangani na Lushoto.

Miaka ya tisini akaona tangazo katika jarida la kigeni lililopitia mikono mingi kabla ya kufika kwake: mashindano ya ushairi, zawadi maelfu ya dola, kuingia bure. Akamwendea mwalimu mmoja wa sekondari amtafsirie ile tarbia ya mama yake kwa Kiingereza, akaipeleka posta. Baada ya miezi barua ikaja kwenye sanduku lake la posta. Karatasi nzito, nembo ya rangi ya dhahabu, saini ya wino wa buluu ambayo ukiitazama kwa karibu unaona imechapwa na mashine. Limeteuliwa. Ameingia nusu fainali. Shairi lake litatoka katika kitabu kikubwa, na kama anapenda kukipata, bei yake ni dola kadhaa, usafirishaji juu yake. Kumlazimisha hawakumlazimisha. Lakini mtu gani ataambiwa jina lake limo kitabuni Marekani, asitake kulitia machoni?

Akauza mashine moja. Ile ya kijana.

Kitabu kilipofika tulikusanyika barazani kwake. Kilikuwa kizito, jalada gumu, maandishi ya kung'aa. Tukatafuta jina lake mpaka tukalipata, limekosewa herufi mbili. Ukurasa mmoja ulibeba mashairi mengi yaliyobanwa kwa herufi ndogo, lake likiwa pembeni chini, na juu yake kulikuwa na shairi la mtoto anayemsifu paka wake. Vina vimekwisha, mizani hakuna, kibwagizo kimegeuka sentensi ya kawaida. Kitabu kile hakikuuzwa katika duka lolote. Wanunuzi wake walikuwa haohao walioandika ndani yake, na biashara yenyewe ndiyo hiyo: washairi elfu wakiingia kila mmoja ananunua chake, na wengine wanawanunulia wazazi. Ndiyo maana hakuna anayekataliwa. Baadaye ikaja barua nyingine, kwamba aende Marekani kwenye mkutano akakabidhiwe kikombe, nauli na hoteli juu yake. Hapo alishindwa, hakuwa na mashine ya tatu.

Nikikumbuka, pesa haikuwa hasara kubwa. Hasara ilikuwa kwamba tangu siku ile Fundi hakutaka kusahihishwa. Ukimwambia mshororo huu umepungua mizani, anakuletea kitabu. Gazetini akaacha kupeleka, kwamba gazeti ni la wanaoanza. Na ile tarbia, Mwanahawa, nakala yake safi ya Kiswahili alimwachia yule mwalimu aliyemtafsiria, naye akahamishwa na karatasi zake hazikuonekana tena. Leo hapa Ngamiani hakuna anayeikumbuka zaidi ya beti mbili. Kilichobaki ni ile tafsiri ya Kiingereza pembeni mwa ukurasa.

Ndiyo maana nikasema pesa hiyo usiitume.

Sikuambii ukae na mashairi yako sandukuni. Mimi ni mtu wa Tanga, mji wa Shaaban Robert, na Shaaban hakungoja kuitwa. Alipeleka mashairi *Mambo Leo* kama watumishi na walimu wengi wa wakati wake, na barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizokusanywa kitabuni, zinaonyesha alivyohangaika na miswada na wachapishaji. Kitafute kitabu hicho ukisome. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishiriki mashindano ya uandishi wa hadithi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ya 1957 hadi 1958, akashinda kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kitabu kikatoka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akaingia nyumba zetu. Kwa hiyo mashindano ni mlango mzuri. Ninachotaka ni uyajue ya kweli.

Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza kabisa walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, na wa kwanza katika kila fani alipewa shilingi milioni 10. Alipewa, hakutoa. Ipo tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Fedha yake inatoka kwa watengeneza mabati haya tunayoezekea nyumba zetu, na wakati inaanza zawadi zote kwa jumla zilikuwa dola 15,000. Washindi wa mwanzo walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya *Penzi la Damu*, na mtoto wa Pemba, Mohammed Khelef Ghassani, kwa diwani ya *N'na Kwetu*. Baadaye Zainab Alwi Baharoon akaishinda kwa *Mungu Hakopeshwi*. Wanawake wawili ninakutajia kwa makusudi. Vitabu vyao vimechapishwa na unaweza kuvinunua, hata mtu asiyewajua anavinunua. Hicho ndicho kipimo changu: kitabu kinasomwa na nani zaidi ya waliomo?

Wewe diwani nzima huna bado, nami nisingependa uikimbilie. Lakini hadithi fupi unazo. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea hadithi za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, ambazo hazijapata kuchapishwa, na kuingia ni bure. Ile yako ya bibi na redio ingefaa, ukiipunguza mwanzo wake. Na gazeti usilidharau. Ukurasa wa mashairi wa gazeti ndio uliowalea wengi, na wasomaji wake hujibizana: ukikosea mizani, juma linalofuata mtu wa Mombasa au Kigoma anakujibu kwa shairi. Mimi nilijibiwa hivyo nikajifunza kuliko darasani. Na shairi langu la bahari lilisomwa Redio Tanzania, mama yako atakuhadithia, maana mtaa mzima ulikaa kimya. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwapo. Ndiye aliyekuwa akisema mbele za watu kwamba ushairi ni shughuli ya wasio na shughuli. Siku ile hakusema kitu, na baadaye pia hakusema kitu, ingawa nilingoja. Leo binti yake ndiye anayetunga.

Sasa masharti. Yasome yote kabla ya kupeleka, na zaidi ya yote soma sehemu ya hakimiliki. Katika ule ujumbe wako, chini kabisa, kwa herufi za kijivu, wameandika kwamba ukishiriki unawapa haki zote za shairi milele. Uliliona hilo? Kwa sheria yetu ya 1999 haki ya kazi yako ni yako maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa kwako ni ya warithi wako. Mchapishaji wa heshima huomba ruhusa ya kulichapa shairi lako, mara moja au kwa muda, kisha linarudi kwako. Anayetaka lote milele, bila kukupa hata senti, mkimbie.

Ada nayo ina aina zake, nisije nikakudanganya. Majarida mengi ya Marekani hutoza dola 3 hivi za kusomewa, na yapo ya kweli kati yao. Hiyo unaitoa kabla hawajakusoma, ni ileile kwa kila mtu, na wengi wa wanaopeleka hukataliwa. Hawa wako wamekuambia kwanza umeingia fainali, ndipo wakakudai.

Uliza majaji ni nani. Tuzo ya kweli, mwishowe, huwataja.

Shairi ulilokwisha kulibandika Facebook wengi wanalihesabu limechapishwa, kwa hiyo yale mazuri yaweke kwanza.

Usipeleke shairi moja sehemu mbili kwa wakati mmoja mpaka uhakikishe masharti yanaruhusu.

Wakikuambia jina lisionekane kwenye kurasa, lisionekane hata mwisho kwenye kimalizio. Najua mnapenda kujitaja humo, na sisi tulipenda.

Ukikataliwa usiandike kuwauliza sababu. Pumzika, lisome upya, lipeleke kwingine. Mhariri mmoja wa zamani aliwahi kunikata ubeti wa mwisho bila kuniuliza, ule uliobeba shairi lote, eti nafasi haikutosha. Mpaka leo ninauhesabu ubeti ule. Hata hivyo juma lililofuata nilimpelekea shairi jingine.

Na kuhusu mashairi yako yasiyo na vina: mimi siyapendi, unajua. Lakini Kezilahabi alitoa *Kichomi*, kitabu cha mashairi kama hayo, mwaka 1974, tukagombana juu yake miaka mingi, na hakikufa. Yapeleke, ila peleka pale wanapoyapokea, usimpelekee mtu anayehesabu mizani kisha ukalia amekuonea.

Weka nakala ya kila kitu. Moja kwenye simu, moja kwenye barua pepe, moja kwenye daftari unalomwachia mama yako.

Ninarudi kwenye neno langu. Najua utasema, Mjomba, hawa ni wa kisasa, wana tovuti, wana picha za watu wameshika ngao. Fundi naye alikuwa na barua yenye dhahabu. Najua pia kwamba umekaa miaka bila mtu wa kukuambia unaweza, na neno la kwanza la sifa lililokujia limetoka kwao. Hilo linaniuma kuliko pesa. Basi nisikie mimi: ubeti wako wa pili, pale yule mama anapohesabu samaki huku mdomo wake unahesabu watoto, ni mzuri. Nimewasomea wazee barazani, wakaniomba niurudie. Hiyo ni sifa, na hujailipia.

Mkopo wa kikoba usiuchukue. Pesa hiyo ni ada ya shule ya mwanao Januari. Ikiwa umeshatanguliza sehemu, usiongeze hata shilingi kwa kuwaza kuiokoa ile ya kwanza, na namba yako ya siri usimpe mtu, hata akijiita mratibu wa tuzo. Umwambie na yule mwalimu mwenzio, maana pengine naye anakopa.

Nitumie shairi la wachuuzi lote, uliloliandika kwa mkono wako, tuusahihishe ubeti wa tatu kisha tulipeleke gazetini. Na nipigie kabla ya Ijumaa uniambie kwa kinywa chako kwamba hujatuma.

Mimi mjomba wako.