Dakika za Mwanagenzi Uwanjani

Mzazi anapokwenda kumtazama mwanawe akicheza mpira wa kikapu, jambo analolihesabu kwanza si pointi bali ni dakika. Akimwona mtoto ameketi benchini huku wenzake wakikimbia, moyo humwuma, na akirudi nyumbani humlaumu kocha kwa upendeleo. Malalamiko hayo nimeyasikia mara nyingi katika nyumba za watumishi, na mwaka huu yameingia nyumbani kwangu. Nimeona vema nieleze ninavyolielewa jambo hili, maana halihusu mchezo peke yake. Linahusu namna tunavyomkabidhi kijana kazi ya watu wazima.

Nyumbani kwangu anakaa mtoto wa kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 19. Baba yake ni askari polisi katika kituo cha mbali, naye amenikabidhi malezi ya kijana huyo. Mwaka huu amechukuliwa na timu ya watu wazima katika nafasi ya gadi. Gadi katika mchezo huu si mlinzi wa langoni. Ni yule anayeupokea mpira nyuma, akauvusha katikati ya uwanja kabla ya sekunde 8 kwisha, kisha akawagawia wenzake huku saa ya sekunde 24 ikihesabu. Akinyang'anywa mpira hapo, wapinzani huliona goli li wazi, na timu yake yote imekwisha kutangulia mbele. Ndiyo sababu makocha husita kumweka mwanagenzi katika nafasi hiyo kuliko nyingine.

Kijana wetu huchezeshwa dakika 5 au 6 katika mchezo wa dakika 40. Baba yake amenipigia simu akiwa na hasira: "Mdogo wangu, kama hawamtaki, na atoke huko, akatafute kazi nyingine ya kufanya." Kijana naye ameanza kuyasema maneno hayo hayo, na viatu vyake vya mchezo amevisukuma chini ya kitanda. Jibu linangojwa kwangu.

Kabla ya kujibu, niliwafikiria vijana watatu waliopita katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ambako mchezo mmoja ni wa dakika 48.

Wa kwanza ni Tony Parker, Mfaransa aliyezaliwa Bruges, Ubelgiji, mwaka 1982. Mwaka 2001 timu ya San Antonio Spurs ilimchagua akiwa wa 28 katika orodha ya wachezaji wapya wa mwaka huo. Alipojaribiwa mara ya kwanza hakumridhisha kocha Gregg Popovich, ikabidi ajaribiwe tena. Msimu ulipoanza alitokea benchini michezo 4, na katika mchezo wa 5 akaanzishwa, umri wake miaka 19. Msimu huo alicheza michezo 77, kwa wastani wa dakika 29.4.

Hizo ni dakika nyingi kwa mgeni, lakini tutazame kazi aliyopewa. Timu ilikuwa na majabali wawili, Tim Duncan na David Robinson. Kijana hakutakiwa kuibeba timu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuleta mpira upesi na kuufikisha kwa wakubwa hao mahali wanapoutaka. Pointi zake zilikuwa wastani wa 9.2 tu. Mwaka 2003, katika mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya New Jersey Nets, kocha alimtegemea Speedy Claxton katika robo ya mwisho, si Parker. Ubingwa ulipokwisha kupatikana, timu ikamwania waziwazi Jason Kidd, gadi mashuhuri wa wapinzani wale, ambaye hatimaye hakuja. Parker hakuondoka, wala kocha hakumnyang'anya nafasi ya kuanza. Mwaka 2007 walipowashinda Cleveland Cavaliers michezo 4 kwa 0, Parker alifunga wastani wa pointi 24.5, akatangazwa mchezaji bora wa fainali, wa kwanza kutoka Ulaya kupata heshima hiyo.

Wa pili ni marehemu Kobe Bryant, aliyeingia Los Angeles Lakers mwaka 1996 akitoka moja kwa moja katika shule ya sekondari. Msimu wa kwanza alicheza wastani wa dakika 15.5, akaanzishwa katika michezo 6 tu kati ya 71. Tarehe 12 Mei 1997, katika mchezo wa kuwatoa Lakers mashindanoni dhidi ya Utah Jazz, alirusha mipira minne katika dakika za mwisho na za nyongeza, na yote minne haikugusa hata chuma cha kikapu. Hawakumtupa kwa sababu hiyo. Msimu wa pili dakika zake zilifika 26, ingawa alikuwa bado akitokea benchini. Msimu wa tatu akaanza kila mchezo.

Wa tatu ni Steve Nash, mzaliwa wa Johannesburg aliyekulia Kanada. Naye aliingia mwaka 1996, katika timu ya Phoenix Suns, nyuma ya Kevin Johnson aliyekuwa bingwa wa nafasi ile. Alipata dakika 10.5 kwa wastani, na msimu uliofuata karibu 22. Mwaka 2005, na tena mwaka 2006, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Basi mmoja alipewa dakika nyingi, mwingine chache, wa tatu chache zaidi, na wote watatu wakawa magwiji. Kwa hiyo wingi wa dakika peke yake si kipimo cha mapenzi ya kocha, wala uchache wake si dalili ya dharau. La kuangalia ni kama dakika hizo zina kazi ndani yake, na kama zinaongezeka kadiri kazi inavyofanyika.

Jambo hili wasomaji wetu walio jeshini wanalijua kuliko mimi. Kuruta hapewi kikosi akiongoze, hupewa lindo. Lindo lina mahali pake, lina saa zake, lina amri zake, na koplo hupita kukagua. Ni kazi ndogo, lakini ni kazi kamili, na akisinzia humo hatari ni ya kweli. Hata mimi niliposomea ualimu sikukabidhiwa shule. Nilipewa darasa moja na somo moja, mwalimu mwenyewe akiketi nyuma na daftari lake. Nilipokwama hakuinuka kuninyang'anya chaki. Alingoja kengele, kisha akaniambia palipoharibika. Lau angeinuka mbele ya watoto, nisingalisimama tena mbele ya darasa lile.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa kocha wa kijana wetu. Sikuomba aongezewe dakika. Nilimwuliza maswali matatu: kazi yake ni ipi katika dakika hizo; akikosea hufuata nini; na dakika zitaongezwa kwa kipimo gani? La kwanza alilijibu mara moja: amsumbue gadi wa wapinzani, na avushe mpira bila kuupoteza, kufunga kutakuja baadaye. La pili akasema hamtoi kwa kosa moja, ila kwa kosa lile lile likirudiwa. Kwa la tatu alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa hajalifikiria. Tulikubaliana ahesabu mipira anayoipoteza, na kijana aonyeshwe hesabu hiyo kila baada ya mchezo.

Usiku ule nilimweleza kijana. "Baba mdogo," aliniuliza, "kumbe sikuwekwa pale kufunga?" Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Alikuwa akiingia kwa dakika 5 akijaribu kufunga pointi 10, na akitoka akiamini kuwa ameshindwa, kumbe kazi aliyowekewa ilikuwa nyingine kabisa. Kaka yangu nilimpigia simu asubuhi. Hakufurahi sana, ila amekubali kungoja hadi mzunguko wa kwanza wa ligi uishe.

Ndugu wazazi, nyumbani vivyo hivyo. Binti hafundishwi upishi kwa kuachiwa karamu ya wageni, wala kwa kufukuzwa jikoni asije akaharibu. Hupewa kumenya ndizi, kisha kuzifunga katika majani, kisha kuangalia moto, hata siku moja mama akaketi na wageni bila wasiwasi. Mwana wako akiwekwa benchini, usikimbilie kumtoa wala kumtukana mkubwa wake. Kaulize kazi aliyopewa ni ipi, nawe uhakikishe kwamba yeye mwenyewe anaijua.