Deiwaka wa Barafuni

Simu iliita saa tisa usiku. Enzi hizo nilikuwa nakaa Wheeling, mji mdogo wa West Virginia kando ya mto Ohio, katika nyumba ya timu tuliyogawana wachezaji watatu. Kocha hakusalimia. "Beki wa huko juu kaumia goti. Mechi ni leo saa moja jioni, Wilkes-Barre. Beba vifaa vyako uondoke sasa hivi."

Nikatupa begi nyuma ya gari, magongo matatu nikayalaza juu ya viti, nikaikata Pennsylvania kwenye theluji, zaidi ya kilomita 500. Nilipofika, mtunza vifaa alikuwa amebandika kipande cha utepe mweupe juu ya nafasi yangu ya kuvalia, jina langu limeandikwa kwa wino mzito, herufi moja imekosewa. Majina ya wenzangu yalikuwa kwenye vibao. Usiku ule nilicheza dakika saba. Baada ya siku mbili mwenye nafasi akapata nafuu, utepe ukabanduliwa, nami nikarudi Wheeling kwa njia ile ile.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuanzia 2004 hadi 2016, katika timu 11 na nchi tatu.

Nilizaliwa Edmonton, Kanada, Januari 1984. Baba alitoka Tanga miaka ya sabini kwenda kusoma, baridi ikamkaribisha vibaya lakini akabaki. Nilipokuwa na miezi minne, timu ya mji wetu, Oilers, ilitwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, kwa mara ya kwanza, na mmoja wa makipa wake alikuwa Grant Fuhr, kijana mweusi mzaliwa wa Spruce Grove, pale pale jirani na Edmonton. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kulitwaa kombe hilo kabla yake. Baba hakujua sheria hata moja ya hoki, ila Fuhr alimjua. Kwa hiyo nilipoomba viatu vya kutelezea, hakubishia mchezo, alibishia bei.

Edmonton kila mtaa una uwanja wake wa wazi. Watu humwaga maji, usiku ukayagandisha. Mama alikuwa akisimama pembeni na chupa ya chai ya tangawizi, amejifunga kanga juu ya koti, akiniambia, "Mwanangu, watu hawa wana wazimu, na wewe wamekuambukiza." Alisema kweli. Ukishajifunza kuteleza, kutembea kunakuwa adhabu.

Nilipofika miaka 17 nilihamia mji mdogo wa Saskatchewan kucheza ligi ya vijana, nikalelewa na familia ya wazee waliokuwa wakipokea wachezaji kila mwaka. Hapo ndipo maisha ya basi yalipoanza. Katika ligi za chini basi ndilo nyumba: unakula humo, unafulia soksi zako humo, na kwenye mabasi yenye vitanda unalala miguu ikitazama mbele, ili dereva akifunga breki ghafla uumie miguu badala ya shingo. Aprili 2018, nilipokuwa nimeshastaafu, basi la vijana wa Humboldt Broncos liligongana na lori huko huko Saskatchewan na watu 16 wakafa. Nilizima redio nikakaa jikoni mpaka giza likaingia. Barabara zile nilizijua.

Hakuna timu ya NHL iliyonichagua. Nikaingia kwenye kazi ya kulipwa mwaka 2004, na sikuweza kuchagua mwaka mbaya zaidi ya huo. Wenye timu za NHL na chama cha wachezaji waligombana juu ya mishahara, na Februari 2005 msimu mzima ukafutwa. Vijana wa NHL wakashuka kucheza AHL, ligi iliyo chini yake, wa AHL wakasukumwa ECHL, ngazi ya tatu, na sisi wa ECHL tukasukumana wenyewe kwa wenyewe. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa zikilipwa kwa wiki, chini ya dola 500, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Nyumba ilikuwa ya timu. Kiangazi nilirudi Edmonton kupaka rangi nyumba za watu.

Ligi hizo ni kama ngazi. Mchezaji wa juu akivunjika mguu, anavutwa mmoja wa katikati, na wa katikati akiondoka, anavutwa mmoja wa chini. AHL ilikuwa na mkataba wa majaribio wa mechi 25 kwa watu kama sisi. Mechi zikiisha wanakuongeza au wanakurudisha, na mara nyingi hata hazifiki 25. Tena unaweza kubadilishwa kama bidhaa. Mwaka 1983, katika ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, mchezaji Tom Martin alibadilishwa kwa basi kuukuu. Mimi nilibadilishwa mara mbili kwa "kitu kitakachotajwa baadaye". Mpaka leo hakijatajwa. Martin angalau aliijua bei yake.

Miaka ya mwanzo nilidhani dawa ni kuonekana. Hoki ya Amerika Kaskazini ina ruhusa yake ya ajabu: wawili wakitupa glavu wakapigana, refa anasubiri wachoke, kisha kila mmoja anakaa nje dakika tano na mchezo unaendelea. Nikapigana. Jukwaani kulikuwa na watu walionishangilia, na wengine walionitukana rangi yangu, na usiku mwingine ni watu wale wale. Nilipoteza meno mawili na kifundo kimoja cha kidole hakikunyooka tena. Machi 2009 niliangushwa kichwa kikatangulia ukutani. Kwa wiki mbili taa za uwanjani zilinichoma macho na sikumwambia mtu, kwa sababu mgonjwa hubadilishwa, na mimi nilikuwa ndiye niliyemshikia nafasi mgonjwa mwingine.

Msimu ulipoisha nikaenda Dar es Salaam kumpumzisha mama roho. Nilifikia kwa mjomba, dereva wa daladala ya Mbagala–Kariakoo. Kijiweni akanitambulisha: "Huyu mpwa wangu, anacheza mpira wa barafu Ulaya." Kwa mjomba, kote kwenye baridi ni Ulaya. Nikajaribu kuwaeleza madereva kazi yenyewe: nangoja mtu aumie, naitwa, nacheza siku mbili tatu, mwenye nafasi akirudi naondoka. Mzee mmoja akapiga paja lake. "Kumbe wewe deiwaka!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Deiwaka ni dereva asiye na gari. Anashinda kituoni, mwenye gari akienda kula au akichoka, yeye anampokea tripu mbili tatu, analipwa chake, anarudi kwenye benchi. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeitwa majina mengi, karibu yote yakinihurumia. Hili halikunihurumia.

Jioni mjomba alidhani nimeudhika. "Usione haya, anko," akasema. "Deiwaka mzuri utamjua kwa kitu kimoja. Abiria anashuka Kariakoo hajui kama dereva alibadilishwa Mtoni."

Nilirudi barafuni na maneno hayo. Nikaacha kutafuta ugomvi. Nikajifunza kazi ya beki ambayo haionekani: kusimama pembe inayomlazimisha mshambuliaji kwenda nje, kulaza gongo chini kwenye njia ya pasi, kutoka baada ya sekunde 40 kabla mapafu hayajaanza kudanganya. Kile kisahani cha mpira mgumu tunachokipiga kwa magongo kina gramu 170 hivi, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke. Nimekizuia kwa mbavu na kwa kifundo cha mguu, na kila mara benchi lilipiga magongo yao ukutani, basi.

Mei 2011 Derek Boogaard, mtu wa ngumi aliyepita katika ligi ile ile ya vijana niliyoichezea, alifariki akiwa na miaka 28. Watafiti wa Boston waliupima ubongo wake wakakuta ugonjwa unaoletwa na vipigo vya kichwa vinavyojirudia. Nilisoma habari hiyo nikashika kidole changu kilichopinda, nikamshukuru mzee wa kijiweni.

Mwingine niliyemfikiria miaka ile ni Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza kucheza NHL, tarehe 18 Januari 1958. Wengi wanaishia hapo. Alicheza mechi 45 tu za NHL, jicho lake la kulia halioni, na siri hiyo akaificha. Miaka iliyobaki, hadi 1979, aliimalizia katika ligi za chini, zaidi huko California. Historia ilimpa siku moja. Kazi ilimpa miaka zaidi ya ishirini, na nadhani miaka hiyo ndiyo iliyomjua zaidi.

Mwisho nilivuka bahari. Denmark uwanja ni mpana kwa mita nne kuliko wa kwetu, na beki aliyezoea kumbana mtu ukutani anaukuta ukuta uko mbali. Timu moja huko Ulaya ilinilipa mishahara ya miezi miwili kwa ahadi. Nikamalizia Kirkcaldy, Scotland, mji uliokuwa na timu ya hoki tangu 1938, ambako vikongwe huja uwanjani na blanketi zao za magotini.

Mechi yangu ya mwisho tulishinda mabao mawili kwa moja. Asubuhi nilinunua gazeti la mji. Waliwaandika wafungaji, wakamsifu kipa, wakamtaja hata refa. Mimi sikuwemo hata kwa jina. Nikakata ukurasa ule kwa mkasi, nikautia kwenye bahasha, nikaandika juu anwani ya mjomba, Mbagala.