Bei ya Kiwandani

Mdogo wangu ana fremu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, chumba chembamba anachochangia na fundi simu. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nikawa nawasikia mawinga wakigombea wateja. "Kaka, nasikia iPhone siku hizi zinatengenezwa hukohuko India. Sasa wewe umekaa Pune miaka yote hiyo unatuangalia tu? Nitafutie bei ya kiwandani nivute mzigo."

Ombi la mdogo wako huwezi kulikataa ukabaki na jina lako. Jumamosi nikapanda basi la alfajiri kwenda Mumbai, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Bandra Kurla Complex, mbele ya duka la Apple ambalo Tim Cook alikuja kulifungua mwenyewe tarehe 18 Aprili 2023. Ni duka la kutazamwa. Dari yake imepangwa vipande vya mbao zaidi ya 450,000 vilivyounganishwa Delhi, na kuta zina mawe kutoka Rajasthan. Nikauliza bei, nikabadilisha rupia kuwa shilingi, nikadhani nimekosea sifuri. Nikarudia hesabu. Bei ya Mumbai ilikuwa juu kuliko ile anayouzia mdogo wangu Aggrey, faida yake ikiwa ndani.

Nilirudi Pune mikono mitupu. Lakini swali lilikuwa limeniingia, nikaanza kufuatilia lile duka lilifikaje pale. Kumbe lilikaa mlangoni miaka saba.

Mwaka 2006 India iliruhusu mgeni amiliki asilimia 51 ya duka la rejareja linalouza chapa moja tu. Januari 2012 ikaruhusu hadi asilimia 100, ikaongeza sharti: anayevuka 51 anunue asilimia 30 ya thamani ya bidhaa zake ndani ya India, tena kwa viwanda vidogo. Udogo nao ukawekewa kipimo, mitambo isiyozidi thamani ya dola milioni 1. IKEA, wauza samani, walipoomba kuingia mwaka huohuo walilalamikia jambo ambalo hata mama muuza maandazi angeliona. Ukimpa fundi mdogo oda kubwa, atakua. Akishakua si mdogo tena, na sheria inakutaka ukatafute mwingine. Ilipofika Septemba, sharti la viwanda vidogo likalegezwa, likawa la kupendelewa badala ya lazima. Pamoja na nafuu hiyo, IKEA hawakufungua duka lao la kwanza India, kule Hyderabad, hadi Agosti 2018.

Kwa muuza simu mambo yalikuwa magumu zaidi. Kabati linachongeka popote penye mbao na mtu mwenye randa. Kamera na chipu za simu hazina fundi wa kijijini. Apple waliomba kibali Januari 2016, wakati simu zao zilikuwa zinatoka China, wakataka wasamehewe ile asilimia 30 kwa hoja kwamba teknolojia yao ni ya juu mno kupatikana nchini. Kamati ya wataalamu ilipendekeza wapewe. Wizara ya Fedha ikakataa. Haukupita muda, Juni mwaka huohuo, serikali ikatoa nafuu kwa wote: miaka mitatu ya kujipanga, na mingine mitano kwa wenye teknolojia ya hali ya juu.

Duka halikufunguliwa. Badala yake, mwaka 2017 simu ya iPhone SE ikaanza kuunganishwa Bengaluru na Wistron, kampuni ya Taiwan. Halafu Agosti 2019 India ikaandika upya namna ya kuhesabu: chochote kinachonunuliwa nchini kwa ajili ya chapa hiyo kinahesabiwa, hata kama kinapakiwa kwenye ndege kwenda kuuzwa nje. Hapo ndipo komeo lilipotoka. Septemba 2020 duka la mtandaoni, Aprili 2023 Bandra, na siku mbili baadaye Saket kule Delhi.

Wenzangu ofisini hapa hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi: India ilikaza kamba, kampuni kubwa ikainama. Mimi naona waliinama wote wawili. Yule mwenye karakana ya dola milioni moja, ambaye sheria ya 2012 iliandikwa kwa jina lake, amefutika kwenye karatasi. Waliovuna ni Foxconn wenye kiwanda chao cha kuunganisha iPhone kule Sriperumbudur, na Tata waliokinunua kiwanda cha Wistron mwaka 2023. Ajira zimekuja, kweli, na zina machungu yake. Desemba 2021 wafanyakazi wa Sriperumbudur, wengi wao mabinti, walifunga barabara kuu baada ya wenzao wa hosteli kula chakula kibovu na kulazwa hospitali. Kiwanda kikasimama majuma kadhaa.

Lakini kuna swali ambalo India haikuacha kuuliza hata ilipolegeza: hiki unachouza kimetengenezwa wapi? Indonesia nao huuliza hivyohivyo, tena kwa ukali. Oktoba 2024 walizuia iPhone 16 isiuzwe kwa sababu Apple hawakutimiza kiwango cha uzalishaji wa ndani, ikaanza kuuzwa Aprili 2025 baada ya makubaliano mapya.

Sasa nyumbani. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Rejareja na jumla zimo, ukiacha supamaketi na mauzo maalumu ya jumla. Zimo pia huduma za kutuma na kutoa pesa kwa simu, saluni, na ufundi wa simu. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali chake kufutwa. Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa dakika nne, wote furaha.

Namwelewa. Aliona fremu za jirani zikichukuliwa kwa kilemba ambacho yeye hawezi hata kukitaja, na watu wanaoleta kontena zao wenyewe kutoka China kisha wanauza kava mojamoja kwa bei ya jumla. Utashindanaje na mtu ambaye shemeji yake ndiye mwenye kiwanda? Hofu hiyo hata Wahindi wanayo. Septemba 2012 wenye maduka madogo walishiriki mgomo wa nchi nzima kupinga maduka makubwa ya kigeni. Hata neno duka lenyewe tunalo pamoja, maana muuza mchele wa mtaani kwangu hapa Pune naye anaita lake dukaan.

Ila amri yetu inaishia kwenye pasipoti ya aliyesimama nyuma ya kaunta. Kilichomo ndani ya kaunta hakiulizwi. Niligundua hilo likizo iliyopita, nimekaa kwenye stuli ya plastiki mle fremuni nikisubiri umeme urudi. Simu, chaji, protekta, spika, kamba za kuning'inizia kava, hata boksi tupu zilizopangwa juu kama pambo: vyote vimevuka bahari. Kitu kimoja tu mle ndani kilikuwa kinafanywa na mikono yetu, nacho ni ufundi. Yule kijana fundi simu alikuwa anapasha kioo moto na kukibandua kwa wembe kwa utulivu wa daktari. Kumlinda yeye naunga mkono mia kwa mia. Kumlinda muuzaji naunga mkono pia, kwa sababu faida ya kaunta ikibaki Kariakoo inalipa ada za watoto. Lakini faida ya kaunta ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote katika safari ya simu.

Na si kwamba hatujui kuandika masharti. Kwenye madini tuna kanuni za 2018 za kuwashirikisha Watanzania. Mwaka 2016 tulizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma, na Vodacom wakaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam 2017. Najua nitakavyojibiwa: India ina watu zaidi ya bilioni moja, nani atasubiri mlangoni kwetu miaka saba? Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Peke yetu, ni kweli, hatuna ubavu huo. Basi tungeanzia karibu. Oktoba 2023 Kenya ilizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River. Kutoka Athi River hadi Namanga mpakani ni safari ya saa chache kwa gari. Amri ya Julai ilimgusa mchuuzi Mkenya, Nairobi ikanung'unika kwa kutaja itifaki ya soko la pamoja, tukarushiana maneno majuma kadhaa. Katika maneno yote hayo sikusikia mtu akiuliza kama muuza simu wa Aggrey angepunguziwa chochote kwenye leseni au kodi akiweka simu ya Athi River kwenye kaunta yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipokea mzigo wake kama kawaida, kupitia Dubai. Akanitumia picha ya mgongo wa boksi la iPhone, kidole chake kikionyesha maandishi madogo chini: imeunganishwa India. Nikampigia kumweleza. India simu ikienda nje haibebi kodi ya mauzo ya asilimia 18 iliyonikuta mimi Bandra, na Dubai wanatoza 5 tu. Tena, nikamwambia, kwa hesabu ile ya 2019 hilo boksi ulilolishika huenda nalo lilihesabiwa kwenye asilimia 30.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia winga anamletea mteja.

"Kwa hiyo, kaka," akasema, "bei ya kiwandani unaijua au huijui?"