Akiba Haiozi, Lakini Diski Inakufa

Ndugu zangu, leo tuongee jambo ambalo wengi tunalikwepa mpaka litukute: kutunza nakala za mafaili yetu.

Nyumbani kwetu Sumbawanga kuna kompyuta tatu. Yangu ya mapajani imejaa mahojiano na picha za kazi. Ya dada, ambaye ni mwalimu, ina mitihani na video ya harusi yake. Ya tatu ni ya mezani, ya mzee, na ina hesabu za mahindi na alizeti za misimu zaidi ya kumi.

Katika yangu kuna pia sauti ya bibi. Nilimrekodi akisimulia hadithi kwa Kifipa kabla hajafariki. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roy Willis, alikaa Ufipa miaka ya 1960 na mwaka 1978 akachapisha kitabu cha masimulizi ya Wafipa. Tunamshukuru. Lakini kitabu hakina kile kicheko cha bibi anapofika pale sungura anapoponyoka. Kicheko hicho kiko kwenye mafaili yangu tu.

Sasa tazama mazingira yetu. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia, nje ya gridi ya taifa. Ulipokatika kule, huku kulikuwa giza, na kompyuta ya mezani ikizimika ghafla wakati inaandika, faili linaweza kuharibika. Halafu kuna radi. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mvua zikianza Novemba, anga la Ufipa halina masihara.

Wengi tukinunua diski ya nje, ile eksteno, tunamwaga humo mafaili ya kompyuta zote na kuiacha imechomekwa. Hapo hatujatunza kitu. Radi ikipiga inachukua vyote viwili, na mwizi naye hatachagua. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha hufunga na yaliyomo kwenye diski iliyochomekwa.

Mkulima wa Ufipa analijua hili siku nyingi. Mahindi ya mbegu hayakai na ya kula. Yanatundikwa peke yake, juu ya moshi wa jiko, ili hata njaa ikija msimu ujao upandwe.

Kwa hiyo sisi tuna diski mbili, na kila moja ina mafolda matatu yenye majina ya wenye kompyuta. Jumapili jioni tunanakili, tunachomoa. Diski ya pili inakaa kwa shangazi Laela, na anayesafiri mwisho wa mwezi anazibadilisha, imeviringishwa kwenye kitenge isigongwe ndani ya basi. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni hii katika kitabu chake: nakala 3, aina 2 za vifaa, 1 ikae mbali na nyumba.

Jambo la kiufundi: diski ikija na mfumo wa FAT32, faili moja haliwezi kufika GB 4, na video ya harusi itagoma. Ibadilishe iwe exFAT kabla hujaweka chochote, maana kubadilisha kunafuta yote.

Lakini kazi ngumu haikuwa ya kiufundi. Mzee alisema wazi kwamba hesabu zake si za kuchunguliwa na watoto. Dada naye hakutaka mitihani isafiri mpaka Laela bila kufuli. Wote wana haki. Tukakubaliana kila mmoja afunge folda lake kwa nywila yake, aiandike, aitie kwenye bahasha iliyogundishwa, na bahasha zote zikae kwa mama. Nywila iliyo kichwani mwa mtu mmoja inaweza kuondoka naye.

Na kila baada ya miezi michache tunafungua faili moja moja kutoka kwenye diski, kwenye kompyuta isiyo yake. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni imani tu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walizungumzia nafaka na fedha. Diski ina siku zake za kufa na haitoi taarifa. Kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye hadithi ndani ya simu au kompyuta ya mtu, mwisho wa wiki hii inatosha kuanza.

Alamsiki.