Kona Baridi Ilitudanganya

Ama kweli, mficha uchi hazai. Paipu ya kipoza hewa cha gari letu ilipopasuka, baba alinunua nyingine tukaifunga wenyewe nyumbani. Akaazima pampu ya kufyonza hewa, akaniambia, "Iache ifanye kazi nusu saa, ndipo tutie gesi." Mimi nikaizima baada ya dakika tano, nikakimbilia kandanda!

Jumamosi tulifunga safari ya Magadi pamoja na nyanya. Pale Kona Baridi, upepo ukivuma, mtambo ulionekana mzima. Tulipoteremka Bonde la Ufa, joto likazidi. Mtambo ukapoza dakika chache, kisha ukatoa hewa ya moto. Tukisimama kidogo, unapoza tena. Nyanya alilowa jasho, akaishiwa na nguvu.

"Sasa shida ni nini?" baba akauliza.

Koo likanikauka. "Baba, ni mimi. Sikungoja ile nusu saa."

Hakunichapa. Alinieleza kwamba unyevu uliobaki ndani huganda barafu kwenye vali nyembamba, gesi isipite. Barafu ikiyeyuka, inapita. Tukageuza gari. Nyanya akacheka, "Mjukuu wangu, leo umenipika!"

Tangu siku hiyo, nikiambiwa nusu saa, nangoja nusu saa.